Uzi: Sabuni ya kujitengenezea nyumbani hapa Goma, inaokoa pesa kweli au tunajidanganya?

MamaFuraha_Ndosho

Habari zenu bandugu. Naleta aibu yangu hapa kabla majirani hawajaileta wao.

Mimi nauza mandazi asubuhi pale kwetu Ndosho, kwa hiyo masufuria yangu hayajui kupumzika. Mafuta, masizi ya makala (mkaa), unga ulioganda, na juu ya hayo yote lile vumbi jeusi la volkano ambalo mtu wa Goma haelezwi. Sabuni ya unga ya vipaketi inaisha kabla ya wiki. Mwezi uliopita nikaandika kila franka niliyotoa kwa sabuni ya nguo, ya vyombo na ya sakafu. Nilipojumlisha nikafunga daftari, maana ilikuwa inakaribia minervali, yaani karo ya shule, ya mtoto mmoja. Na pesa yenyewe tangu benki zifunge milango Januari 2025 ni zile noti zilizochakaa ambazo leo zinapokelewa, kesho zinakataliwa.

Nikaenda mafunzo ya siku mbili ya sabuni ya maji. Nikanunua Texapon na asidi sulfoniki, zile zenye kutoa povu na kusafisha, soda kostiki, chumvi, rangi na harufu. Dola 12 zikaenda. Lengo lilikuwa bidoni moja ya lita 20. Mwanzo ilikaa vizuri, nzito kama asali, nikaita watoto waje waone. Daftari la mafunzo linasema "weka chumvi mpaka iwe nzito". Mimi nikataka iwe nzito zaidi, nikaongeza. Ikalegea. Nikaongeza tena nikidhani haijatosha. Sasa nina lita 20 za maji ya kijani yanayonukia ndimu, na chumvi iliyomo inatosha kupikia watu wa msiba.

Nimekosea wapi? Na kati ya haya yote tunayoambiwa tujitengenezee, ni kipi kinachookoa pesa kweli?

PapaJunior

Mama Furaha, pole, lakini nimecheka. Si ununue tu mfuko mkubwa wa Omo ugawane na jirani? Dola 12!

FundiSabuni_Virunga

Papa Junior, muache mama. Kosa lake ni la kila mtu anayeanza, hata mimi nilimwaga bidoni mbili.

Chumvi kwenye Texapon ina kilele. Ukiweka kidogo kidogo, sabuni inakuwa nzito, inazidi kuwa nzito, halafu inafika mahali kijiko kimoja tu cha ziada kinairudisha chini. Ukishapita kilele, kuongeza ni kuharibu. Chumvi iyeyushwe kwanza kwenye maji, imwagwe kwa kikombe kidogo, koroga, ngoja dakika kumi, angalia. Ukiona imekaa kama mafuta ya mawese ya asubuhi ya baridi, simama hapo hapo. Usitafute uzito wa dukani.

Hiyo yako haijafa. Tengeneza nusu nyingine bila chumvi kabisa, changanya humo polepole. Itapanda.

Swali kwako: soda uliipimaje?

MamaFuraha_Ndosho

Aksanti sana, papa. Soda nilipima kwa kijiko, kama walivyotuonyesha. Vijiko vinne.

FundiSabuni_Virunga

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa mafunzo. Kijiko cha nani? Kilichojaa au kilichopanguswa?

Kilo 1 ya sulfoniki inakula karibu gramu 120 za soda. Ikipungua, sabuni inabaki na asidi. Ikizidi, inakula mikono. Mizani ndogo ya jikoni ndiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii, kabla hata ya harufu. Cha pili ni karatasi za pH, zile unazochovya zinabadilika rangi kuonyesha kama asidi au soda imezidi. Tafuta 7, au 8 ukikosa. Mtu akikwambia anaonja au ananusa ili ajue, mshukuru na uondoke.

Tena soda inaenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye soda. Ukimwaga maji juu yake inachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifanya vizuri, ndoo itakuwa ya moto kama chai. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni.

Nyota_Bukavu

Mimi niko Bukavu, naomba niingie. Mama yangu anatengeneza sabuni ya mche kwa mawese tangu sijazaliwa, na inatoa povu vizuri sana. Mwaka jana nikampelekea dada yangu anayekaa Kyeshero, huko Goma, vipande kumi. Akanipigia simu analalamika: haitoi povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni, nguo zinakuwa ngumu kama turubai. Sabuni ni ile ile! Mama akakasirika akasema mtoto wake amesahau kufua.

Mwalimu_wa_Kemia

Mama yako asikasirike, na dada yako hajasahau. Ni maji.

Kwenu Bukavu wengi mnatumia maji yanayoshuka milimani, na ni mepesi. Hapa Goma maji tunayochota ufukweni, na hata sehemu kubwa ya yale ya bomba, ni ya Ziwa Kivu. Ziwa hili limepata madini yake kutoka kwenye mawe ya volkano na chemchemi za chini: lina magnesiamu nyingi, na pH yake juu juu ni karibu 9. Sabuni ya kweli, yaani ile ya mafuta na soda, ikikutana na magnesiamu inashikana nayo na kuwa ule utando mweupe. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya sabuni yako haifui chochote, inapigana na maji tu. Inayobaki ndiyo inafua.

Sulfoniki na Texapon siyo sabuni kwa maana hiyo. Ni jamaa za Omo, na maji magumu hayaziumizi sana. Ndiyo maana mtu wa Goma anasema sabuni ya mche ya nyumbani haifai, na mtu wa Bukavu anamshangaa. Kila mmoja anasema kweli ya bomba lake.

Jaribu hivi. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya ziwa, moja ya maji ya mvua. Tia kipande cha sabuni cha ukubwa uleule katika kila chupa, funga, tikisa. Utaona mwenyewe.

Dada_wa_Beseni

Mama Furaha, aksanti juu ya hii uzi. Mimi niko Birere, niko nafula nguo za batu kila siku, mikono yangu iko shahidi. Yenye mwalimu anasema ni kweli kabisa. Siku ya mvua niko natega bidoni zote chini ya mabati, maji ya kwanza namwaga juu iko na vumbi, ya pili naweka. Kufula ya mwisho na kusuuza nafanya na maji ya mvua. Sabuni ya siku moja inaenda siku mbili. Hakuna mutu alinifundisha, ni mgongo tu ulichoka kuzungusha beseni juu ya ule utando.

Lakini siku ya kiangazi, pole yangu. Chukudu, ile ya mbao ya kubeba mizigo, inaleta maji ya ziwa, nalipa, na sabuni inaisha.

PapaJunior

Sasa hapa nimejifunza kitu. Naondoa kicheko changu cha juu.

MamaFuraha_Ndosho

Nimejaribu zile chupa mbili za mwalimu. Ya mvua imejaa povu mpaka shingoni. Ya ziwa imekuwa kama maziwa yaliyokatika. Mume wangu ameita mpaka mwenye nyumba aje aangalie.

Basi nikapata moyo, nikasema nijaribu sabuni ya mche ya mama wa Nyota, nitumie na maji ya mvua. Sasa sikieni ya pili. Nilichanganya soda kwenye sufuria. Sufuria yenyewe ya alumini. Ya mama mkwe, aliyonikopesha Krismasi. Ikaanza kutoa mapovu na moshi wenye kukaba, ikawa nyeusi, na nilipoimwaga chini ilikuwa na matundu ya kupitisha mchele.

Msinicheke. Au chekeni, lakini mniambie namna.

FundiSabuni_Virunga

Mama! Soda na alumini ni maadui. Soda inaila, na ile hewa inayotoka ni hidrojeni, inawaka ukiwa na mbabula (jiko la makala) karibu. Tumia ndoo nzito ya plastiki au sufuria ya inoksi, chuma kisichoshika kutu. Alumini, hapana. Hata mwiko uwe wa mti, na ukishautumia usirudi kwenye fufu.

Namna ni hii, kwa kilo 1 ya mawese. Kilo, siyo lita, maana lita 1 ya mawese ni kama gramu 920. Mafuta yawe safi, yamechujwa. Soda gramu 134. Maji ya mvua gramu 330. Hesabu kamili ya mawese ni kama gramu 141 kwa kilo, lakini tunapunguza kidogo makusudi, mafuta yabaki kidogo na soda yote iishe. Ukigeuza hivyo, soda ibaki na mafuta yaishe, utajuta kwenye ngozi.

Soda kwenye maji, koroga, iache ipoe mpaka uweze kushika ndoo kwa nje bila kuruka. Mafuta nayo yawe vuguvugu. Mimina maji ya soda kwenye mafuta polepole ukikoroga upande mmoja. Itachukua nusu saa, pengine zaidi, mkono utauma. Ukiinua mwiko na tone likaacha alama juu badala ya kuzama, mimina kwenye boksi ulilotandika nailoni. Kesho au keshokutwa kata vipande.

Halafu ngoja. Hapa ndipo watu wananishinda. Wiki nne mpaka sita, vipande vikiwa vimepangwa kwenye hewa, havigusani. Siku ya tatu ukiitumia itakuchubua. Wanaouza ya siku tatu sokoni nawajua kwa harufu.

Glavu za mpira, miwani ya aina yoyote, na shati la mikono mirefu. Siyo hiari.

Mwalimu_wa_Kemia

Pembeni kidogo, wanisamehe wasiopenda historia. Mawese yetu na sabuni vinajuana muda mrefu. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni, alianzisha Huileries du Congo Belge ili apate mawese ya huku kwa viwanda vyake. Babu zetu walikwea michikichi kukata ngazi, yaani matunda yake, kwa lazima, mafuta yakapanda meli. Kwa hiyo Mama Furaha akikoroga ndoo yake Ndosho, angalau mawese yamebaki nyumbani.

Bibi_Arusi_Katindo

Samahani, mimi bado mgeni wa mambo ya nyumba. Niliona video ya mtu anachanganya siki, bikarbonati na javeli (dawa ya klorini) kusafisha choo, mapovu yanapanda kweli kweli. Ni nzuri?

Mwalimu_wa_Kemia

Binti yangu, USIFANYE.

Siki na bikarbonati zikikutana zinauana. Mapovu unayoyaona ni kifo chao, na kinachobaki karibu ni maji yenye chumvichumvi. Kila moja peke yake ina kazi: siki au ndimu kwa magamba meupe kwenye birika na bomba, bikarbonati ya kusugulia. Pamoja ni sinema.

Ubaya uko kwenye javeli. Javeli na kitu chochote chenye asidi, iwe siki, ndimu, au ile dawa kali ya choo, hutoa klorini ya hewa. Javeli na mkojo mkavu au na amonia hutoa hewa nyingine mbaya vilevile. Na vyoo vya vyumba vyetu vya kupanga havina hata dirisha.

PapaJunior

Haya nilifanya mimi, siyo hadithi. Mwaka 2021, baada ya mlipuko wa volkano wa Mei tulikuwa tumerudi kutoka Sake, nyumba inanuka moshi na kiberiti. Nikajifanya fundi: javeli kwenye ndoo, nikakamulia ndimu sita "iwe na harufu nzuri". Nikafunga mlango wa bafu. Nilitoka nikitambaa. Kifua kilibana siku tatu, na mke wangu mpaka leo akiona ndimu ananitazama.

Muuguzi_Himbi

Asante Papa Junior kwa kusema wazi, wengi wanaficha. Mimi nafanya kazi ya kuwapokea wanaofikishwa usiku. Naongeza mambo ambayo nayaona.

Kubwa kuliko yote: chupa za Fanta. Mtu ananunua soda kostiki au javeli, anapimiwa kwenye chupa ya soda ya kunywa, anaiweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Soda kostiki inachoma koo na mrija wa chakula, na wengine hawatakula vizuri tena maisha yao yote. Ikitokea, usimtapishe, maana kinachoungua kushuka kitaungua tena kupanda. Msuuze mdomo, mlete mbio, uje na chupa yenyewe. Ikiingia machoni, maji safi yanayotiririka dakika 20 nzima bila kusimama, hata kama analia. Msimtie ndimu ati "kuua soda".

Javeli sasa. Yule aliyepita mwaka 2019 Ebola ilipofika Goma anakumbuka ndoo za mlangoni: klorini asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vitu vya mgonjwa. Javeli ya nyuzi 12 (kipimo cha nguvu yake) ina klorini karibu asilimia 3.6, kwa hiyo kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji kinakupa ile ya sakafu. Klorini ya punje, ya asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita. Lakini javeli ya kupimiwa sokoni, iliyokaa juani kwenye chupa inayopitisha mwanga, imeshapoteza nguvu, hata iwe inanuka. Nunua kidogo, chupa nyeusi, weka kwenye kivuli. Na osha uchafu kwanza kwa sabuni. Klorini ikikuta matope inaishia kwenye matope, kipindupindu kinabaki.

Javeli yenyewe msijaribu kujitengenezea. Nunueni.

Koko_wa_Majengo

Wajukuu, mnasomesha watu kemia nzuri, lakini mmesahau majivu.

Sisi tuliosha masufuria kwa majivu ya makala yaliyochekechwa kwa kitambaa, laini kama unga wa muhogo, na jani la mgomba. Sufuria la mafuta ulipake majivu na maji ya moto kidogo, uliache dakika chache, halafu usugue. Linaanza kuteleza lenyewe, maana majivu na mafuta yanafanya sabuni pale pale. Mama Furaha ana mbabula kila asubuhi, majivu anayamwaga barabarani, halafu anaenda kununua kitu cha kuondoa masizi. Majivu ya maganda ya ndizi yana nguvu zaidi, hayo tulichuja maji yake tukafulia.

Msichukue mchanga wa volkano kusugulia sufuria, unakwaruza, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya masizi. Ule ni wa visigino.

Na choo cha shimo, kopo la majivu kila mtu akimaliza. Nzi watahama kwa jirani.

MamaFuraha_Ndosho

Koko, shikamoo. Nimeaibika, kweli nayamwaga barabarani kila siku.

PapaJunior

Turudi kwenye swali la kwanza, maana mimi ni mtu wa hesabu. Fundi, ukweli wa Mungu: nani anaokoa pesa?

FundiSabuni_Virunga

Mwenye nyumba ya watu wanne anayetengeneza mara moja kwa mwaka haokoi kitu, nasema hivyo na nauza vifaa. Atanunua mizani, glavu, karatasi za pH, ataharibu ya kwanza, na sabuni ya maji isiyo na dawa ya kuhifadhi itaanza kunuka kabla haijaisha. Hasa wale wanaotia aloe au tango "iwe ya asili". Wanatia mboga ndani ya bidoni, inaoza. Wengine wanakimbilia formoli kuzuia hiyo. Mimi niliacha formoli nilipojua kwamba ni kitu cha saratani. Natengeneza kidogo, inaisha ndani ya mwezi.

Anayeokoa ni mtu kama Mama Furaha: vyombo vingi, kila siku, tena anaweza kugawana gharama na wamama wawili watatu wa jirani. Kwa sabuni ya maji tu. Sabuni ya mche itegemee bei ya mawese wiki hiyo. Mawese yakipanda, nunua ya dukani usione haya. Yakishuka, piga ndoo nzima.

Dada_wa_Beseni

Fundi, basi sisi bafulaji tukiwa batano tunaweza kununua sulfoniki pamoja? Nani ataweka ile soda? Mimi kwangu kuko batoto.

MamaFuraha_Ndosho

Dada, kwangu kuna kabati la juu lenye kufuli, na wa mwisho wangu ana miaka tisa. Nitumie ujumbe, tuongee na wenzako.

Narudi na habari, ni wiki ya tano. Ile bidoni ya kijani ilipona kama Fundi alivyosema, nilichanganya na nusu bila chumvi, imeshaisha kwenye masufuria. Siku hizi naanza na majivu ya Koko, namalizia na sabuni, na bidoni moja inavuka mwezi. Vipande vya mche vimekauka juu ya kabati. Karatasi inasoma 9 kasoro. Fundi, hiyo ni sawa?

FundiSabuni_Virunga

Kwa sabuni ya mche 9 ni sawa kabisa, haitashuka mpaka 7. Fulia.

Nyota_Bukavu

Na sufuria ya mama mkwe?

MamaFuraha_Ndosho

Nimemnunulia nyingine, ya inoksi, nimemwambia ni zawadi ya Pasaka. Ile yenye matundu naikaushia vijiko. Mabati yameanza kulia, wacha nikatege bidoni.